Dhamana ya Mgeni

Mtu akiniuliza nafanya nini Birmingham, humjibu kwamba nasoma sheria, kisha naomba Mungu asiniulize sheria gani. Wengi huuliza. Nikisema nasoma sheria za biashara za Warumi wa kale, namna wafanyabiashara wao walivyofunga mikataba na walivyobanana mmoja wao alipoivunja, uso wa mtu hubadilika pale pale. Mama mmoja wa Kizanzibari, kwenye maulidi Handsworth, alinishika mkono kwa huruma akaniuliza kama nilikosa nafasi kwenye sheria za watu walio hai.

Sikumkasirikia. Nilikuwa wakili Tanga, na mikataba ya watu walio hai nimeishughulikia mpaka ikanichosha. Nilipopata ufadhili wa kusomea uzamivu nilimwacha binti yangu wa miaka tisa kwa mama yangu, maana baba yake alishatangulia mbele ya haki, nikaja kukaa Selly Oak katika nyumba ya kupanga pamoja na wanafunzi wengine. Friji ni moja, na kila mtu ameandika jina lake kwenye chupa yake ya maziwa. Hivyo ndivyo nilivyowajua wenzangu, kwa maziwa, kwa sababu tukikutana kwenye ngazi hubana ukuta nipite na kusema samahani. Kuna siku nilirudi nikagundua kwamba maneno pekee yaliyotoka kinywani mwangu tangu asubuhi yalikuwa ya kumshukuru dereva wa basi. Upweke wa namna hiyo sikuujua nyumbani. Kwetu hata ukitaka kulia peke yako lazima ujifungie chooni, na huko pia watakugongea.

Warumi walinivuta kwa jambo moja: walikuwa na sheria nyingi na askari wachache. Mfanyabiashara aliyekosewa hakuwa na polisi wa kumtuma. Ilibidi amfikishe mshitakiwa mbele ya hakimu yeye mwenyewe, na hata akishinda, kuifuatilia hukumu kulikuwa juu yake. Kwa hiyo walitegemea watu. Ukifika katika bandari usikokuwa na ndugu, unataka shehena ya ngano, utaulizwa nani anasimama nyuma yako. Mkataba ulifungwa kwa mdomo. Mmoja anauliza, "Unaahidi?" na mwenzake anajibu hapo hapo, "Naahidi," wote wawili wakiwa mahali pamoja, wakisikiana. Kisha mdhamini naye anaulizwa, naye anajibu kwa kinywa chake. Kumtuma mtu akupelekee ahadi hakukufaa kitu.

Na kulikuwa na hili pia. Neno lao la kale kabisa la kuahidi lilikuwa la raia peke yao. Mgeni akilitamka, alikuwa amepiga kelele tu. Baadaye wageni wakapatiwa maneno mengine ya kuahidiana, kwa sababu biashara haiwezi kukaa chini kungoja uraia wa mtu. Siku niliyosoma hayo maktabani nilicheka kwa sauti, na kijana wa meza ya pili akahamisha kompyuta yake. Sikumlaumu. Mwanamke mzima aliyejifunga mtandio, anacheka na kitabu cha Kilatini.

Kiangazi cha mwaka wangu wa pili nilipata nyumba ya kumleta binti yangu. Ilikuwa Ladywood, kwenye jengo la ghorofa, vyumba viwili, shule iko mtaa wa pili. Bila mahali pa kukaa mtoto, maombi yake ya viza hayakuwa na miguu, na shule zilikuwa zinafunguliwa Septemba. Niliiona ile nyumba asubuhi, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshampigia simu mwanangu kumweleza habari za kila chumba, hadi rangi ya vigae vya bafuni. Mama yangu nyuma alikuwa anasema, "Mwambie mtoto inshallah, mwambie inshallah." Mimi nilikuwa sina subira ya inshallah siku hiyo.

Dalali wa nyumba alikuwa kijana mpole mwenye viatu vinavyong'aa. Alizipitia karatasi zangu, akaridhika nazo, kisha akaniuliza nani atanidhamini. Nikamwambia nina barua ya ufadhili. Akasema hiyo ni nzuri sana, lakini wanataka mtu, tena mtu mwenye nyumba yake hapa hapa Uingereza, afike ofisini na kitambulisho chake, atie saini. Ataniwekea nyumba mpaka Ijumaa jioni. Nilimtazama nikatamani kumweleza kwamba swali lake lina umri wa miaka elfu mbili na nimeliandikia sura nzima. Badala yake nikasema sawa.

Warumi walipoandika ushahidi juu ya vibao vyao vya mbao vilivyopakwa nta, waliita watu wakabandika mihuri yao pembeni. Kwenye treni ya kurudi Selly Oak nilijaribu kuwaorodhesha kichwani watu wa mji huu ambao wangebandika muhuri kwa ajili yangu. Nilimaliza kabla ya kituo cha pili, na mmoja wao alikuwa msimamizi wangu wa masomo, ambaye hajawahi kulitamka jina langu sawasawa.

Mwingine alikuwa muuguzi wa Kikenya, aliyejuana nami kwenye treni hiyo hiyo kwa kunisikia nikizungumza na mama yangu kwa simu. Nilimpigia.

"Mimi ningekusainia hata leo, mamaa," alisema, "lakini na mimi nimerent. Hakuna mtu wenu hapa ako na nyumba?"

Nikamwambia yuko mmoja, mzee wa Unguja mwenye duka Soho Road. Nyumba ni yake, na marehemu baba yangu na kaka wa mzee huyo walikuwa wakiuziana karafuu. Nitamtuma mtu akamwambie.

"Utamtuma mtu? Si uende umuulize tu directly? Nyinyi watu wa pwani mnazunguka mbuyu sana, walahi. Mficha uchi hazai."

Nilicheka, lakini ushauri wenyewe niliuona wa kishamba. Jambo kubwa halipelekwi hivyo. Ukienda mwenyewe unamfunga mwenzako. Atakataa vipi na uso wako uko mbele yake? Ukimtuma mtu, unamwachia nafasi ya kupumua. Anaweza kukataa bila kutamka kukataa, na kesho mkikutana mtasalimiana kama kawaida. Mimi nimelelewa hivyo. Posa yangu ililetwa hivyo, na hata ugomvi wa mpaka wa shamba letu ulimalizwa hivyo, na bibi mmoja aliyekuwa akienda na kurudi, kiatu mkononi.

Hapa Birmingham bibi wa kazi hiyo yuko Handsworth. Ni Mzanzibari wa zamani, amekaa mji huu tangu ujana wake, miguu inamvimba, na anaijua historia ya kila mtu kuliko mwenyewe. Nilimweleza shida yangu. Alifurahi kutumwa, niliona macho yake yakichangamka, akaanza papo hapo kunieleza kanga atakayojitanda. Siku ya pili yake akanipigia simu.

"Nimefika, mwanangu. Amenipokea kwa heshima zote. Tumezungumza sana."

"Amesemaje, bibi?"

"Mambo yataangaliwa."

Nikamuuliza kama Ijumaa baada ya sala itamfaa mzee, nikamtajia ofisi ilipo.

"Yafaa, inshallah," alisema bibi. "Yafaa."

Ijumaa nilivaa gauni langu la mahakamani, lile jeusi, nikaenda kwa miguu kutoka New Street hadi ofisi ya dalali. Nilifika mapema, nikakaribishwa kiti, nikakataa. Sijui kwa nini nilitaka kusimama. Kulikuwa na mmea wa plastiki na mashine ya maji iliyokuwa ikiguna kila baada ya muda. Kila mlango ulipofunguliwa niliinuka kwenye vidole. Akaingia mwanamke na mbwa. Wakaingia vijana wawili waliokuja kuchukua funguo zao, wakapigana picha nazo. Yule dalali alinitazama mara moja, mara mbili, kisha akaacha kunitazama, na huko kuacha kwake kuliniuma zaidi.

Katika vile vibao vya nta kuna aina moja ninayoipenda kuliko zote. Wafanyabiashara wakishitakiana walikuwa wanaahidiana kukutana mahali fulani, siku fulani, mbele ya madhabahu au sanamu inayojulikana, ili waende pamoja kwa hakimu. Mmoja akifika na mwenzake asifike, aliyefika aliwaita watu waliokuwapo waandike kwamba fulani alikuja, akasimama hapa. Basi, hakuna zaidi. Wafanyabiashara wale wamekufa, biashara zao zimekufa, bandari yenyewe ikasahauliwa, na kilichobaki ni kwamba siku moja mtu alisimama sokoni akimngoja mtu, na wenzake wakamwona. Nilikuwa nimeandika kuhusu vibao hivyo kwa lugha ya kitaalamu, na tanbihi zake, bila kujua mtu huyo alikuwa anajisikiaje. Nilijua Ijumaa ile. Anajisikia mjinga. Anajisikia kwamba kila anayepita anajua.

Karibu na kufunga, dalali alikuja na mikono yake ameikunja mbele. "No worries at all," alisema, na akaongeza kwamba iko familia nyingine inayoingojea nyumba hiyo. Nikamshukuru. Nikatoka nikatembea hadi kwenye mfereji wa mashua unaopita mjini, nikakaa kwenye benchi na gauni langu la mahakamani, nikalia kweli kweli, kwa kelele, kwa sababu hapakuwa na wa kunigongea mlango. Bata walikuja wakidhani nina mkate.

Kumpigia simu yule bibi sikuthubutu, ningemtukana. Jumamosi asubuhi nilipanda basi la Soho Road kumfuata kwake, na njia nzima nilikuwa nikimshitaki kichwani. Warumi walikuwa na mkataba wa kutumwa. Ukikubali kumtekelezea mtu jambo lake bila malipo, kwa urafiki tu, umefungwa. Una ruhusa ya kukataa mapema, lakini ukishakubali, ukalizembea, utashitakiwa, na ukishindwa unatoka na fedheha ya kisheria, jina lako linaharibika mbele ya watu. Nilimpandisha bibi kizimbani tangu mjini hadi kituo cha Handsworth. Nilimpandisha mzee wa duka naye, kwa kuvunja ahadi. Hukumu ilikuwa tayari mkononi.

Bibi alinifungulia kwa furaha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, ingia, nishaweka chai. Wajukuu wamelala mpaka saa hizi, na hata wakiamka ni *yes Nan, no Nan*, Kiingereza kitupu. Leo nimepata mtu."

"Bibi, mzee hakuja."

"Hakuja wapi?"

Nikamkumbusha. Akaishika birika bila kumimina. Kisha akaiweka chini.

"Mwanangu," alisema, "lile neno sikulitia."

"Hukulitia vipi?"

"Nilikaa, nikaletewa chai. Kabla sijafungua kinywa akaanza yeye. Akanieleza habari za mpwa wake, alivyomdhamini, mpwa akamkimbia hadi Leicester, akaachiwa yeye aibu. Sasa hapo mimi niseme nini? Mtu keshakuonyesha kidonda chake, utie kidole? Nikajua keshajibu. Nikamaliza chai nikaondoka."

"Lakini uliniambia mambo yataangaliwa! Na Ijumaa ukasema yafaa!"

"Ndivyo isemwavyo," alisema bibi, na akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nilijua utafahamu. Wewe si mtoto wa watu?"

Nilifahamu. Hilo ndilo lililoniuma. Ningekuwa Tanga, nikaletewa jibu hilo hilo, ningejua mara moja kwamba nimekataliwa, ningemshukuru mjumbe nikaenda kutafuta mlango mwingine. Miaka miwili ya kukaa peke yangu ilikuwa imenila masikio. Nilisikia nilichotaka. Na kule ofisini, na nguo zangu nyeusi, nilikuwa nimesimama kumngoja mtu ambaye hakujua kwamba anangojwa.

Kumgombeza sikuweza. Mjumbe hauawi, na huyu alikuwa amejikokota hadi kwa mzee kwa ajili yangu na miguu ile. Nilikunywa chai yake. Nilimwachia aniulize habari za nyumbani, moja moja, mpaka akaridhika, kisha nikaondoka. Lakini hasira ilikuwa bado inatafuta mahali pa kutua, na duka lilikuwa karibu.

Mzee alikuwa nyuma ya kaunta yake, kofia kichwani, anapanga pakiti za unga wa muhogo. Nilimwamkia. Kisha nikafanya jambo ambalo mama yangu angelisikia angeketi chini: nilimwambia yote pale pale, kwa mfululizo, mbele ya wateja wake wawili wa Kijamaika waliokuja kununua ndizi. Nilimwambia mimi ni binti wa nani. Nilimwambia kuhusu mtoto, nyumba, bibi, Ijumaa. Nikamaliza kwa swali lenyewe, "Ungenidhamini?"

Akaweka pakiti chini.

"Jana?" aliuliza.

"Jana."

"Jana baada ya sala nilikuwa hapa hapa, nimekaa kwenye kiti hiki nanywa chai. Sina kazi. Ningekuja."

"Lakini ulimweleza bibi habari za mpwa wako."

"Ile ilikuwa habari tu, mwanangu." Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. "Tangu mke wangu afe sina wa kuzungumza naye Kiswahili kwa kituo. Akaja Bi Mkubwa, mtu mzima mwenzangu, akakaa. Nikafungua moyo. Sikujua ana neno. Ningejua, ningenyamaza nikamsikiliza."

Tulikuwa watu watatu ndani ya mji mmoja, kila mmoja ana kiu ya mwenzake, na adabu yetu ilikuwa imekaa katikati ikituzuia tusione. Nilimkasirikia kila mtu na sikupata wa kumkasirikia.

"Na yule mpwa," alisema mzee, "alinitumia watu. Watu wazima, wenye ndevu. Yeye mwenyewe sikumwona uso. Ndipo nilipokosea. Mtu umdhamini ukimtazama. Hebu mpigie huyo dalali wako."

Nikampigia papo hapo, simu nikaiweka kwenye kaunta ili naye asikie. Dalali alipokea kwa upole ule ule. Ile familia ilikuwa imetia saini asubuhi. Nyingine ya aina hiyo hana kwa sasa, na kwa Septemba hakutaka kunidanganya, lakini ataliweka jina langu.

"Ukipata nyingine," alisema mzee, "njoo mwenyewe. Usimtume mtu. Unanisikia? Mimi niko."

Akanifungashia mihogo na samaki, akakataa kulipwa, na nilipofika mlangoni akanitazama kama mtu anayetaka niendelee kukaa kidogo. Ningekaa. Lakini Tanga walikuwa wameshaswali alasiri, na binti yangu alikuwa anangojea simu.

Nilipiga nikiwa kituoni, mgongo nimeugeuzia barabara. Alipokea yeye mwenyewe, kabla haijaita mara ya pili.

"Mama! Umeshapewa funguo?"

Njia nzima ya kutoka dukani nilikuwa nimepanga maneno. Nitasema mambo bado yanaangaliwa. Nitasema inshallah wiki ijayo. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno, mazuri, ya adabu, na nikayasikia yalivyo.

"Hapana, mwanangu," nilimwambia. "Nyumba tumeikosa. Wamepewa watu wengine. Septemba hutakuja."

Hakulia. Nilimsikia akipumua, na nyuma yake mama yangu akimuuliza kuna nini.

"Mama," alisema baadaye, taratibu, "lakini mimi nimeshagawa sare zangu za shule. Zote. Uliniambia nakuja, nikazigawa. Jumatatu nitavaa nini?"